Ninavyookoa kalamu ya mti ikipasuka kwenye lezi

Kalamu ikipasuka kwenye lezi, yaani mashine ya kukerezea, cha kwanza naizima na kuacha kila kitu kilipo. Sifagii, sipulizi vumbi. Kibanzi kilichoruka kipo hapo chini kwenye maranda, na nikikipata, kalamu hiyo ina nafasi nzuri ya kupona.

Nakereza kalamu hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, kwa vipande vya mninga na mpingo vinavyobaki kwa mafundi samani. Mti haunisumbui. Kinachosumbua ni vyuma: ncha, klipu, kifaa cha kuzungushia, na vijibomba vya shaba ambavyo mti hugandishwa juu yake baada ya kutobolewa kwa keekee ya milimita 7. Vyuma hivyo naagiza Dar es Salaam, vinakuja kwa basi, na seti ikikosa kipande kimoja haina kazi. Ndiyo maana kalamu iliyoharibika siitupi kirahisi.

Hatari kubwa iko mwishoni mwa kipande, pale mti unapobaki mwembamba karibu na bushi, pete ya chuma inayoonyesha unene ambao mti unatakiwa kufikia. Patasi ikiwa butu inadaka nyuzi na kung'oa. Ilitokea hivyo kwenye kalamu ya mninga aliyoagiza mwalimu mmoja mstaafu: kibanzi cha ukubwa wa ukucha kikaruka, shaba ikabaki wazi. Nilipiga magoti nikachambua maranda kwa vidole mpaka nikakipata. Mninga una mistari ya kahawia na wekundu, kwa hiyo ukikigeuza kibanzi taratibu, mistari yenyewe inakuonyesha kinavyokaa. Nilikirudisha kwanza bila gundi nione kama kimeingia sawasawa. Kisha nikadondosha supaglu nyepesi pembeni, ikanywewa na ufa yenyewe. Juu nikafunga kipande cha nailoni ya mfuko kwa kukaza, maana supaglu haishiki nailoni hiyo vizuri, nikakiacha mpaka kesho yake.

Kabla ya kuwasha mashine tena nilinoa patasi. Hili nalishikilia sana: aliyeunga kibanzi akarudi na patasi ileile butu, atakiona kikiruka tena. Nikakereza kwa kulamba tu, kutoka penye unene kwenda penye wembamba, na karibu na bushi nikaweka patasi kando nikamalizia kwa msasa.

Mwalimu alipokuja nilimweleza mwenyewe.

"Shikamoo mwalimu. Kalamu yako ipo tayari, ila ilipasuka nikaiunga, hapa karibu na ncha."

"Marahaba mwanangu. Hebu."

Akapitisha ukucha pale kwenda na kurudi. Haukukwama. Akaomba karatasi aijaribu wino.

Kibanzi kisipopatikana, mafundi wengi huziba kwa unga wa mti uleule na supaglu. Kwa mpingo ni sawa kabisa, weusi unameza kila kitu. Kwa mninga mimi sikubali, kwa sababu gundi inaufanya unga kuwa mweusi kuliko mti na doa linabaki milele. Nafanya hivi: naukata mti ulioharibika kwa patasi nyembamba mpaka kwenye shaba, ukingo ukiwa umenyooka kabisa, halafu natoboa kipande cha mpingo kwa keekee ileile na kukivisha kama pete, kwa gundi ya epoksi. Upande wa pili wa kalamu naweka pete nyingine ya kufanana nayo. Wateja wameanza kuziagiza hizo za pete, nami nazipenda kuliko za mninga mtupu.

Mti ukiharibika wote, nautoa wote. Nakereza mpaka shaba ianze kuonekana, nasugua gundi iliyobaki kwa msasa mkavu, na kijibomba kinaingia kwenye mti mpya. Siku hizi nakipaka rangi nyeusi kabla ya kukigandisha, ili hata palipo na ufa mdogo shaba isimetemete.

Ukipitiliza, mti ukawa chini ya kimo cha bushi, bado kuna njia. Supaglu inapakwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba sana, kila moja ikikauka kabla ya nyingine, mpaka kalipa, kifaa cha kupimia unene, ionyeshe kipimo kimerudi. Mpingo una mafuta, kwa hiyo naufuta kwanza kwa asetoni, la sivyo tabaka linabanduka. Na mpingo hautaki joto. Ukikaza msasa mpaka kidole kiungue, nyufa kama unywele zinajitokeza. Nikihisi joto nasimama, naacha upoe, ndipo naendelea. Vumbi lake na moshi wa supaglu navyo si vya kuchezea: barakoa, miwani, mlango wazi.

Kwa kuunganisha vyuma nimejifunza kubana kwa jiliwa kidogo kidogo, kila mara nikiweka mrija wa wino na kuzungusha kuona ncha inatoka kiasi gani. Chuma kikizama zaidi ya kipimo, kukirudisha nyuma bila kuumiza mti ni shughuli.

Ufa ulionitesa kuliko yote hautokei kwenye lezi kabisa. Unakuja baadaye, kalamu ikiwa mfukoni mwa mtu. Hapa mvua zinanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na mti unaouona mkavu mwezi Machi bado una maji. Kiangazi kinapokolea, Septemba na Oktoba, mti unasinyaa lakini shaba ndani haisinyai, basi mti unapasuka kwa urefu. Ufa huo naujaza supaglu na unga wa mpingo, na mteja simtozi.

Lakini dawa yake hasa ni subira. Vipande vikishakatwa napaka nta ya nyuki kwenye miisho, nta ambayo kwa mkoa huu wa asali haikosekani sokoni, ili maji yasitoke kwa pupa na kupasua ncha. Naviweka juu darini vipitiwe na kiangazi kizima, na kila kimoja nakiandikia uzito kwa penseli. Navipima kwenye mizani ndogo mara kwa mara. Uzito ukiacha kushuka, kipande hicho ndicho ninachokitoboa.