Sungura Aliyegeuka Kiboko

Sijui nani alieneza habari kwamba jiwe huchongwa kama mpingo. Hapa Mikindani kuna mzee, bingwa wa vinyago, aliniambia, "Mjukuu wangu, patasi ni patasi tu." Akaniazima yake. Nikaipiga kwenye jiwe jeupe la kung'aa nililookota ufukweni. Jiwe halikuchubuka, patasi ndiyo iliyomeguka makali, na kuirudisha ilinibidi nitangulize kilo ya sukari. Kijana mwingine akanishauri nikodi grenda. Vumbi likaingia mpaka kwenye sufuria za jirani.

Sasa natembea na msumari na ndimu. Msumari ukichimba mfereji, jiwe linachongeka. Ukiacha tu alama ya kijivu, hiyo ni chuma ya msumari, achana nalo. Halafu kwaruza unga kidogo, kamulia ndimu. Likitoa povu, ni jiwe la chokaa, na huku kwetu yapo tele kwenye vifusi vya misingi na mashimo ya vyoo. Omba tu, watakupa bure na kukucheka juu. Mawe ya magofu usiguse, wala matumbawe yaliyo hai.

Sungura wangu wa kwanza nilimtaka masikio wima. Nilichonga kwa tindo na tupa, sikio moja likatoka safi kabisa, nikaita watoto waje waone. La pili likaanguka lote: ndani ya jiwe kulikuwa na kombe la zamani, na hapo ndipo lilipokatikia. Watoto wakaangua kicheko. Nikamgeuza huku na huku, nikaona mgongo mnene, shingo hakuna. Nikalikata na lile sikio zima, nikaacha vinundu viwili, pua nikaipanua, macho nikayapandisha juu karibu na masikio. Mtoto mdogo kuliko wote akasema, "Kiboko!" Nilimuuza kwa hela ya kutosha samaki wa siku mbili tatu.

Tangu hapo wanyama wangu wote wamelala, maana miguu myembamba huvunjika. Jiwe nalilowesha muda wote ili vumbi lisiende mapafuni, msasa napiga ndani ya beseni la maji, mwisho nta ya nyuki kidogo. Wateja wanaotaka tembo nawapa aliyelala, mkonga kaukunja kifuani. Wananunua hivyo hivyo, wengine wanadhani ndiyo mtindo wangu.