Kumbukumbu ya mradi: kuandika maisha ya babu, dereva wa JWTZ

Tangu arobaini ya babu ilipokwisha nimekuwa nikikusanya nyaraka, picha na masimulizi kwa ajili ya kijitabu cha maisha yake, na kazi imefika mahali ambapo inafaa nieleze ilivyokwenda. Babu alikuwa dereva wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania kuanzia mwaka 1965 hadi alipostaafu mwaka 1990 akiwa sajini taji, na kwa muda huo wote alikuwa mume na baba wa watoto saba waliobaki Tabora wakati yeye akihamishwa kutoka kikosi hadi kikosi. Kijitabu kinatakiwa kuyabeba maisha yote mawili pamoja, na ugumu wa kazi uko hapo hapo.

Nilianza na sanduku la bati lililokaa miaka yote chini ya kitanda chake, lenye jina lake na namba ya jeshi kwa rangi nyeupe. Ndani mlikuwa na cheti cha kustaafu, pasi za likizo, nishani ya vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, kadi za kliniki za watoto, picha na daftari moja lenye jalada gumu. Picha nyingi zilikuwa zimenata kwenye plastiki ya albamu, nikazibandua taratibu kwa kupitisha uzi mwembamba nyuma yake, kisha nikazipiga skani kwa nukta 600 kwa inchi. Majina ya mafaili nimeyaanza na mwaka, halafu mwezi, ili yajipange yenyewe. Nyuma ya picha naandika kwa penseli laini tu, kwa sababu wino wa kalamu hupenya ukafika upande wa sura.

Kupanga miaka ya mwanzo hakukunichukua muda. Maasi ya wanajeshi wa Tanganyika Rifles yaliyoanzia kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Januari 1964, yalifika hadi kambi ya Tabora, na jeshi lile lilivunjwa. JWTZ iliyoundwa Septemba 1 mwaka huo ilitafuta watu wake miongoni mwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Ndiyo maana kijana aliyejua kulima tumbaku na kuendesha trekta aliweza kupokelewa, wakati miaka michache nyuma jeshi lilikuwa mikononi mwa waliopitia King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza.

Kwa miaka iliyofuata nilimtegemea Bibi, ambaye hahesabu kwa kalenda. Yeye huhesabu kwa mimba na mavuno. Nilipomuuliza babu aliondoka lini kwenda Kagera, alinijibu, "Andika kwamba aliniacha na mimba changa ya shangazi yako, akarudi akamkuta anatambaa." Jibu hilo limekuwa na manufaa kuliko nyaraka nyingi. Kadi ya kliniki inaonyesha kwamba shangazi alizaliwa Aprili 1979, na Bibi anakumbuka kuwa ni siku chache baada ya Redio Tanzania kutangaza kwamba Kampala imetekwa, yaani baada ya Aprili 11. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin tunavyo ilitolewa Novemba 2, kwa hiyo safari ya babu inaangukia Novemba au karibu na hapo. Kurudi kwake ni mwishoni mwa 1979, miezi kadhaa baada ya wapiganaji wetu kufika mpaka wa Sudan mwezi Juni.

Daftari ndilo limenishika kuliko vyote. Babu alilitumia kutoka pande mbili. Ukilifungua kwa mbele unakutana na gari: tarehe, mahali, kilomita, lita za dizeli, tairi lililopasuka. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma unakutana na nyumba: sare ya shule, gunia la mahindi, dawa ya kikohozi, nauli ya mama mkwe. Mwandiko ni ule ule, mistari imechorwa kwa rula, na hata vitani hakuacha kuandika upande wa nyuma, ingawa fedha alizokuwa akizipigia hesabu zilikuwa mbali naye. Kurasa za gari zinapita Mwanza, Bukoba, kisha Kyaka, ambako adui alikuwa amelivunja daraja la mto Kagera na wahandisi wetu wakaweka daraja la chuma la muda. Baada ya hapo ni Mutukula na Masaka, upande wa Uganda. Lukaya, ambako usiku wa Machi 10 brigedi yetu moja ilishambuliwa na kutawanyika kwenye barabara iliyopita katikati ya matope, kabla mambo hayajageuka kesho yake na jeshi la Amin pamoja na Walibya kukimbizwa, imepewa maneno manne: "Lukaya. Tope. Dizeli hakuna." Ukurasa wa nyuma unaoelekea kuwa wa siku zile zile una ukumbusho kwamba mtoto wa pili anahitaji viatu.

Hapa tumetofautiana kidogo na baba mkubwa, ambaye angependa kijitabu kifunguliwe kwa mapigano na nishani. Namheshimu, na sura ya Kagera itakuwepo kwa ukamilifu, kwa kuwa vijana wa ukoo wanaijua vita ile kwa jina tu na wengine hawajawahi kusikia habari za makaburi ya mashujaa kule Kaboya. Hata hivyo, babu mwenyewe hakuwa msimulizi wa vita. Alichokisimulia mara kwa mara ni magari, na binti zake wote aliwafundisha kubadilisha tairi kabla hajawaruhusu kuposwa, jambo ambalo mashangazi bado wanalalamikia huku wakicheka. Nimependekeza daftari lenyewe liamue: kijitabu kifunguke pande mbili, mbele utumishi, nyuma familia, na pande hizo zikutane katikati kwenye kurasa za 1979. Baba mkubwa amekubali, kwa sharti kwamba picha ya nishani ikae kwenye jalada la mbele.

Kazi ninayoendelea nayo sasa ni kanda ya kaseti ya mwaka 1989, ambayo babu anatoa nasaha kwenye harusi ya shangazi mkubwa. Nimesafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, nimeunganisha waya kwenye kompyuta, na sauti inasikika vizuri isipokuwa pale wapiga ngoma walipokaribia maikrofoni. Nitainukuu yote, pamoja na kikohozi chake. Baada ya hapo ni kupeleka kazi kwa mpiga chapa. Bibi ameomba herufi ziwe kubwa, na watoto wapangwe kwa kuzaliwa kwao, si kwa vyeo walivyonavyo sasa.