Magadi ya mlenda si dawa ya figo

Leo kliniki, hapa Dodoma, mama mmoja mwenye ugonjwa sugu wa figo amekuja na majibu ya damu: bikaboneti, ile inayozimua asidi kwenye damu, ni 17.
Kawaida ni 22 hadi 29.

Limao ameacha, "lina asidi". Nyama anakula kila siku. Na magadi kwenye mlenda ameyaongeza, eti yakate asidi.

Ndugu zangu, ni kinyume.

Uchachu wa limao unaishia mdomoni. Likishavunjwa mwilini haliachi mzigo wa asidi. Mzigo unatoka kwenye nyama, samaki na mayai: protini zake zina salfa, nayo huwa asidi. Figo nzima huitoa kwa mkojo. Figo dhaifu huibakiza, na mwili unaanza kula mifupa na misuli ili kuizimua.

Asiyesafishwa damu, gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito zinatosha kwa siku. Kilo 60 ni gramu 48.

Magadi yana sodiamu nyingi: presha inapanda, miguu inavimba. Vidonge vya bikaboneti navyo vina sodiamu, ila daktari anajua dozi.

Mboga na matunda husaidia kupunguza asidi, lakini zina potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa. Ipime kwenye damu kwanza! Ikiwa juu, mchicha ukatekate, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji, ndipo uunge. Zabibu kavu ziache kabisa, zimekoleza potasiamu kuliko mbichi.

Kwenu mlenda mnautia magadi kiasi gani? Mnaouguza mgonjwa wa figo, niandikieni hapa.