Ndege yangu ya rimoti, Extra ya mita 1.2: kuipanga na kuinyoosha, Malindi

Gundi imekauka, mota inazunguka, sevo zote, zile mota ndogo zinazosogeza vibao vya mabawa na mkia, zinaitikia rimoti. Wengi hapo huona kazi imekwisha wakakimbilia uwanjani. Kwa ndege ya sarakasi ndiyo kwanza imeanza. Kuruka tu, hata kipande cha sponji chenye mota kitaruka. Kupanda wima bila kuyumba, kuviringika bila kupoteza mstari, kuruka chali bila kuomba msaada wa kijiti cha rimoti, hayo hayaji yenyewe.

Nimejiwekea sharti moja katika mradi huu: kasoro inayoondoka kwa bisibisi haitaondolewa kwa rimoti. Rimoti za siku hizi ni kompyuta, na kishawishi ni kikubwa. Bawa la kushoto linalala? Bonyeza kitufe, eleroni ya upande huo, kile kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa, ishuke kidogo, mambo sawa. Lakini nguvu ya eleroni hukua kwa mraba wa mwendo, na uzito wa bawa ni uleule siku zote. Utakuwa umesawazisha ndege kwa mwendo mmoja tu. Ukipunguza moto, yaani nguvu ya mota, bawa litalala tena, ukiongeza litanyanyuka kupita kiasi.

Umbo nililochagua ni la Extra 300, ndege ya Walter Extra wa Ujerumani: bawa liko katikati ya bodi, na mgongo wa bawa umepinda sawasawa na tumbo lake. Bawa la namna hiyo halibagui juu na chini. Yangu ina mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, uzito gramu 1,250 pamoja na betri ya seli tatu, propela inchi 13 kwa 6.5.

Mezani

Nilianza na vijiti vinavyounganisha sevo na vibao vya mabawa na mkia. Vile vya chuma cha kawaida vilivyokuja na ndege nilivitupa. Hewa ya Malindi haina subira na chuma. Ukiacha kitu dirishani upande wa bahari, kutu inakufikia kabla hujakumbuka ulikiweka wapi. Kwa fundi wa baiskeli nilinunua spoki za chuma kisichoshika kutu, unene milimita 2, nikazikunja ncha kwa koleo. Zimekaa imara kuliko vile vya kiwandani, na bei yake ni ya kucheka.

Mkono wa sevo lazima usimame pembe mraba na kijiti chake wakati kila kitu kiko katikati. Ukiwa umeinama, mwendo wa juu na wa chini hautalingana hata rimoti ikisema unalingana. Mkono wa sevo una meno, na mara nyingi jino moja linapita, la pili halifiki. Dawa ni kuung'oa na kuugeuza upande wa pili, au kujaribu mkono mwingine, mpaka upatikane unaokaribia kabisa. Kilichobaki, nywele tu, ndicho nakubali kirekebishwe na rimoti.

Tundu nazo zina maana. Kwenye sevo nimetumia tundu la ndani, kwenye pembe ya elevata (kijipande kinachoshika kijiti kwenye kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) tundu la nje. Hivyo sevo inazunguka sana na elevata inakwenda kidogo, kwa hiyo kila hatua ya sevo ni ndogo mkiani na ulegevu wa maungio hausikiki. Mwenye kuchukua tundu la nje kwenye sevo halafu akapunguza mwendo kwa rimoti anatupa nusu ya usahihi wa sevo aliyoilipia.

Kwa safari za kwanza elevata nimeipa digrii 12 juu na chini. Kibao chake kina upana wa milimita 50, kwa hiyo ukingo wa nyuma unasogea kama milimita 10, na hiyo naipima kwa rula, siyo kwa macho. Eleroni digrii 20, usukani, kibao cha wima cha mkiani, 25. Kiwango cha pili, elevata digrii 45, kipo kwenye swichi, kikiwa kimelegezwa katikati ya kijiti cha rimoti ili kidole kikitetemeka ndege isiruke kama panzi. Swichi hiyo haiguswi mpaka kazi ya kunyoosha iishe.

Kitovu cha uzito

Hapa ndipo penye roho ya ndege. Bawa langu shinani lina milimita 300, nchani 180, na upana wa wastani kwa hesabu ya bawa linalochongoka ni milimita 245. Nilianzia asilimia 28 ya upana huo, kama milimita 69 kutoka ukingo wa mbele. Lengo ni kusogea polepole kuelekea asilimia 30, yaani milimita 74.

Nilikuwa barazani nimeibeba ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, pua imeinama kidogo, akapita mzee jirani aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chombo chako umekipakia omo."

"Ni kusudi, mzee. Ikiwa nzito mbele inatii. Ikiwa nzito nyuma haishikiki."

Akaishika ncha ya bawa, akaiangalia mkiani kisha puani. "Sawa. Lakini ukishaijua tabia yake, irudishe farumi nyuma. Chombo kilicholala omo kinachimba maji, kupinda hakitaki."

Farumi yangu, uzito wa kusawazisha chombo, ni betri, gramu 180. Kuisogeza nyuma milimita 35 kunarudisha kitovu cha ndege nzima milimita 5: zidisha 180 kwa 35, gawanya kwa 1,250. Nimechora mistari ya kalamu kwenye sakafu ya chumba cha betri ili nijue iko wapi kila safari. Risasi ya kuongeza uzito siweki. Gramu isiyofanya kazi ni adui wa ndege inayotakiwa kuning'inia kwa propela yake.

Angani

Uwanja wa ndege wa Malindi uko karibu kabisa na mji, kwa hiyo kurusha mjini au ufukweni mbele ya hoteli sikufikirii hata kidogo. Naenda uwanda mtupu ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa Mambrui. Nafika alfajiri, wakati upepo wa umande bado unavuma taratibu kutoka bara. Jua likitoka baharini nalipa mgongo. Kaskazi ikishaamka, huwezi tena kujua kama ndege imeyumba yenyewe au imesukumwa. Maleleji ndiyo majira ya kazi hii, pepo zikiwa hazijaamua.

Jaribio la kitovu: ndege inapanda kwa digrii 45, naipindua chali, naachia vijiti vya rimoti. Ikishusha pua mara moja ni nzito mbele. Ikipandisha pua kuelekea mawinguni ni nzito nyuma. Kwenye mstari wa kwanza wa kalamu ilishusha pua kama iliyokatwa kamba. Nikairudisha betri, nikarusha tena, nikairudisha. Ilipofika karibu na milimita 74 ilishika mstari wake kwa muda, kisha pua ikaanza kushuka kwa uvivu. Hapo nikaacha. Wapo wanaoipeleka nyuma zaidi kwa ajili ya sarakasi za kuning'inia; mimi napenda ndege inayokumbuka ilikokuwa ikielekea.

Baada ya kitovu ndipo pembe ya mota. Ukibadilisha kitovu baadaye, kila ulichorekebisha kinakuwa na mashaka, kwa hiyo mpangilio huu haubishaniwi. Napandisha ndege wima kwa moto wote, tumbo likinitazama, nisubiri inavyokwenda. Ilivuta kushoto. Ni tabia ya propela inayozunguka kama saa ukiiangalia kutoka nyuma: upepo wake unajisokota kuzunguka bodi na kuupiga usukani ubavuni. Dawa ni kuielekeza mota kulia kidogo. Skrubu za mota yangu zimeachana milimita 40. Kipete cha chuma, yaani washa, cha nusu milimita chini ya skrubu za kushoto kinaigeuza kama digrii 0.7. Niliongeza washa, nikarusha, nikaongeza, hadi ikapanda mpaka moto ukaisha nguvu bila kuhama mstari. Ukitumia usukani kwa rimoti badala ya washa, mstari wa kupanda utanyooka na wa kushuka bila moto utapinda.

Uzito wa mabawa niliupima kwa maduara ya wima yanayobana. Ndege ilikuwa ikitoka kwenye duara imeinamia kulia. Kabla ya kulaumu bawa nilihakikisha nusu mbili za elevata zinapanda sawa, maana zikitofautiana dalili ni hiyohiyo. Zilikuwa sawa. Msumari mdogo ndani ya ncha ya kushoto ukamaliza maneno.

Chumvi na joto

Nikirudi, kitambaa chenye maji baridi kwanza, cha pili kikavu, halafu tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi za mota. Mchanga wa Mambrui ni laini, unaingia popote. Plastiki ya kufunika bawa nimechagua nyeupe juu, na chini mistari mipana myeusi, ili nijue tumbo liko wapi. Lakini ile mistari inameza jua na kulegea, kila mara napiga pasi upya. Betri hazikai juani wala chini ya kiti cha bodaboda. Natua seli zikiwa karibu volti 3.7, na zisiporuka kwa siku kadhaa zinalala na volti 3.8 kila moja.

Kilichobaki

Kuruka kiubavu. Nikiilaza ubavu na kuishikilia kwa usukani, pua inavuta kuelekea tumboni. Hili ni la kawaida kwa umbo hili na halina bisibisi, kwa hiyo hapa rimoti ina haki yake: usukani ukikanyagwa, elevata inapanda kidogo yenyewe. Ubavu wa kushoto umetulia kwa asilimia 6. Wa kulia unataka 3 tu, na tofauti hiyo siipendi. Nashuku bawaba ya chini ya usukani inakwama upande mmoja, au mkono wa sevo ya usukani hauko mraba kama nilivyodhani. Nitaifungua kabla ya kugusa namba tena, na kama ni bawaba, zote tatu zinabadilishwa kwa pamoja kabla kusi haijaanza.