Makala, garantii na mapenzi: nilivyojitegemea Goma

Nilifika Birere, mtaa wa Goma huko Kongo, nikiwa na miaka 16, bila ruhusa ya nyumbani. Kilichonisimamisha ni makala, yaani makaa ya kupikia.

Gunia usilinunue kwa macho. Mabonge makubwa yanayochomoza juu, chini ya kamba, yamepangwa hapo kumvutia mteja. Liinue: likiwa zito kupita kiasi, limenyeshewa. Bonyeza pande za chini. Zikiwa laini, humo mna vumbi. Mtaji wa gunia zima sikuwa nao, basi nilinunua na msichana mwenzangu. Tulimwaga juu ya turubai na kugawana kwa ndoo, yeye moja, mimi moja, na vumbi vilevile. Ugomvi huanzia kwenye vumbi.

Fungu la kupikia bugali la mara moja hutoka haraka jioni, akina mama wanaporudi na faranga za siku hiyo. Weka bonge moja, zungushia vipande. Vipande vitupu vinafukuza mteja. Bei ya gunia irudi kwanza, ndipo ule. Usiku niliyaweka juu ya mawe ya volkano, ambayo Goma hayakosekani, nikafunika.

Faida niliitia kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya wauzaji wanaokaa bega kwa bega. Mgeni asiye na ndugu hupewa zamu ya mwisho, kubali, hawakujui. Pesa ikija kwa mkupuo ndiyo inayofikia garantii, maana mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mbele.

Hapo ndipo mapenzi huingia. Mvulana anakulipia garantii, risiti inaandikwa jina lake. Mkikosana, wewe ndiye unayetoka na bidoni yako ya maji. Risiti yangu ilikuwa na jina langu, miezi kwa tarakimu na kwa maneno, na shahidi jirani. Akikuambia "yaka tofanda", Kilingala cha "njoo tukae pamoja", jua kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza uchumba na ndoa kwa aliye chini ya miaka 18. Nami nilimpenda sana huyo kijana, tusidanganyane.

Alinichotea maji ziwani, bidoni ya lita 20 begani hadi mlangoni. Hayo niliyapokea, maji hayana risiti. Makala aliyokopa niliyaandika daftarini kama ya wateja wengine, naye alinuna, kisha akalipa nusu.