Maji yetu yanachemka nyuzi 96

Nimekaa barazani, hapa Mwanza, wote ndani wamelala, upepo wa ziwani unapuliza na nina lile kauntabuku la majaribio la binti yangu, ambaye namsomesha mwenyewe nyumbani, mapajani. Imebaki miezi miwili akafanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nilitaka nilipitie nione wapi bado kuna mapengo, matokeo yake nimekaa nasoma kama mtu aliyekuta barua za zamani kwenye sanduku.

Ukurasa wa kwanza kabisa kaandika, kwa ule mwandiko wake wa kulala: "Maji yamechemka nyuzi 96. Kitabu kinasema 100. Nani kakosea?"

Siku ile naikumbuka vizuri. Tulikuwa na sufuria, jiko la mkaa na kipimajoto cha kioo nilichoagiza kwa mtu anayeuza vifaa vya maabara, ndio kilikuwa kifaa chetu cha kwanza cha maana. Maji yanatokota kabisa, mapovu makubwa, kipimajoto kimegoma 96. Mimi haraka haraka nikasema kipimajoto kibovu, tuandike 100 tuendelee. Akakataa. Akasema mama tukijaribu kwenye barafu kikisoma sifuri maana yake kiko sawa. Nikamtuma kwa jirani anayeuza barafu, tukaiponda kwenye bakuli na maji kidogo, tukasubiri, kikasoma sifuri. Nikaanza kutafuta kwenye simu sasa, na jibu nilikuwa nalijua tangu niko shule, nililikariri na nikajibia mtihani, ila sikuwahi kulihusisha na sufuria yangu mwenyewe: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa huku inakandamiza kidogo kuliko pwani, na kila ukipanda kama mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi moja. Fanya hesabu, inakuja 96 na kitu. Yani Mwanza nzima kila siku asubuhi tunapika chai kwa nyuzi 96.

Yeye hakuridhika na hesabu. Shangazi yake alipokuwa anaenda Dar akamfungia kile kipimajoto ndani ya kanga, akampa na maelekezo kwenye karatasi, na baada ya siku tatu ikaingia picha WhatsApp, sufuria ya shangazi Temeke, inasoma 99 na nusu. Nilivyomuona anaruka ruka na ile simu nilijua hii kazi ya kumsomesha nyumbani tutaiweza.

Wengi wananiuliza ilikuwaje. Binti yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa seli za damu. Alimaliza la saba vizuri, akaanza kidato cha kwanza, na ndani ya muhula mmoja alilazwa mara tatu. Shule mbali, mvua inamnyeshea njiani, baridi ikimpiga tu mifupa inaanza, na kuna mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa akamwita mvivu kwa sababu alikosa kipindi cha michezo. Shule siitaji, yameisha. Lakini siku hiyo alirudi nyumbani akaniambia mama mimi sirudi, na mimi nikakaa usiku kucha nikiwaza. Mimi nimesoma hadi kidato cha sita, nilichukua masomo ya sayansi, nauza kwenye duka la dawa, muda wa mchana dukani upo. Nikauliza, nikaambiwa njia ipo, unafanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, ukifaulu ndio unajiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. QT alishafaulu. Sasa tuko hapa.

Kitu kingine watu wanadhani ni mambo ya dini, kwamba labda tumejiunga na kikundi fulani kinachokataza shule. Hapana. Jumapili tunaenda kanisani kama kawaida, na Biblia ipo mezani. Ila somo la sayansi nimeamua liwe sayansi, na hili nililiamua baada ya jambo moja. Mwanzoni nilikuwa natafuta vitabu vya bure mtandaoni, na vingi vya kusomesha nyumbani vinatoka Marekani, maana kule ni jambo la kawaida, ni halali majimbo yote 50. Nikapakua kimoja cha baiolojia, kizuri sana kwa picha, nikachoma bando langu lote la wiki. Kufika sura ya tatu kinasema dunia ina miaka 6,000. Nikakifunga. Sisi tunaishi juu ya granaiti! Haya mawe unayoyaona Mwanza nzima, yaliyobebana mlimani, na lile la Bismarck pale majini, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Siwezi kumfundisha mtoto kwamba kipimajoto kikisoma 96 tukiamini, halafu jiwe likisoma bilioni mbili na nusu tusiliamini kwa sababu jibu halijatupendeza. Kumbe hata hukohuko Marekani kuna familia zinazosomesha nyumbani bila kuchanganya na dini, nazo zinasumbuka kutafuta vitabu vya sayansi vilivyonyooka. Nilivyojua hilo nikajisikia siko peke yangu.

Tukawa tunachukua mtaala wetu wa kawaida wa sekondari, na huo wenyewe una mada ya mabadiliko ya viumbe kidato cha nne, afu vitendo tunavitafuta wenyewe. Kemia, nachemsha choya, ile ile ya juisi, maji yake mekundu ukitia limau yanazidi kuwa mekundu, ukitia magadi yanageuka kijani, tayari una kiashiria cha asidi na besi kwa shilingi mia tano. Kupima ujazo tunatumia sirinji, mimi nauza dawa sirinji hazinisumbui. Fizikia tulifunga jiwe kwenye uzi wa mita moja tukapima muda likienda na kurudi mara 50, tukapata mvutano wa dunia 9.7, jibu la kweli huku ni kama 9.78. Na kuna siku katikati ya Machi jua linapita utosini kabisa hapa kwetu, saa saba kasoro dakika chache, ukisimamisha kijiti uani kivuli kinapotea chote. Majirani wote walikuja kuangalia kijiti. Majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta tunatumia yale ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, ya bure, na baadhi yako kwa Kiswahili.

Hiyo ya Kiswahili niseme kidogo maana inaniuma. Mtoto anasoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, kesho yake anaamkia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, na watu wanamwona hana akili kumbe hana maneno. Sisi kila kitu tunaelewa kwanza kwa Kiswahili, tunabishana kwa Kiswahili, akishashika ndio tunaweka lile neno la mtihani juu yake. Usanisinuru alielewa siku moja. Neno la Kiingereza lilichukua siku mbili kuliandika bila kukosea, na hakuna ubaya.

Mada ya mabadiliko ya viumbe ndiyo ilimleta bibi mezani. Mama yangu anaishi na sisi, alikulia kisiwani huko Ukerewe, shule hakwenda sana. Binti alikuwa anasoma kuhusu furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwamba ziwa hili lilikauka kabisa kama miaka 15,000 iliyopita, na baada ya maji kurudi wakatokea furu aina zaidi ya 500 ambao hawapo popote pengine duniani, wa kukwangua miamba, wa kula konokono, wa kula mayai ya wenzao, afu sangara akapandikizwa miaka ya 50 na 60, na miaka ya 80 alipoongezeka kwa kasi furu wakapukutika, aina nyingi hazijaonekana tena. Bibi kwenye mkeka akasema, sasa hayo si ningewaambia mimi, tulikula furu mpaka wanatuchosha, nyavu ilikuwa inatoka na rangi zote. Binti akageuka na kalamu. Rangi gani bibi? Mwaka gani? Ulikuwa umeshaolewa? Mjomba alikuwa ameshazaliwa? Akapata ukurasa mzima, na pembeni kaandika "chanzo: bibi, aliona mwenyewe". Kuanzia siku hiyo bibi hakosi kipindi.

Na hapo ndio nafika kwenye ukurasa ambao nimeusoma mara tatu usiku huu.

Jenetikia, ile mada ya kurithi, niliiogopa. Niliisogeza mbele, nikasema tumalize kwanza umeme, tumalize kwanza asidi. Nitamwambiaje mtoto kwamba huu ugonjwa tumempa mimi na baba yake? Mwisho yeye mwenyewe akafungua kitabu akasema mama leo ni hii. Tukaanza na neno, maana selimundu linajieleza, seli yenye umbo la mundu, mundu wenyewe upo darini tunavunia mpunga. Nikamweleza himoglobini ni ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na mnyororo wake wa beta una amino asidi 146, kwake ni moja tu iliyobadilika, ya sita, na kwa hiyo moja himoglobini ikiachia oksijeni inajipanga kama fimbo ndani ya seli na seli inapinda na kukwama kwenye mishipa myembamba, ndio yale maumivu. Akakaa kimya. Akasema, moja tu?

Tukachukua sarafu mbili za mia mbili, moja mimi, moja baba yake. Kichwa ni jeni nzima, simba ni jeni ya selimundu. Baba na mama wote wana kichwa upande mmoja na simba upande mwingine, na sisi wenyewe hatuumwi. Ukirusha, simba wawili wakitokea ndio mgonjwa. Alirusha mara 100, peke yake, hakutaka nimsaidie. Simba wawili 23, mchanganyiko 52, vichwa 25. Kaandika zote kwa vijiti. Chini yake kaandika: "Kila mimba ni kurusha upya. Sarafu haikumbuki."

Nikamsomea na habari za Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1949 alipima watu damu akaona wenye jeni hii ni wengi pwani na huku kando ya Ziwa Victoria, na nyanda za juu ni wachache sana, akajiuliza kwa nini, na 1954 akaonyesha kwamba mwenye jeni moja analindwa dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo jeni hii iko nyingi kwetu kwa sababu iliwaokoa babu zetu na mbu. Nilimwona mwanangu ananyanyua mabega. Miaka yote hiyo ametumiwa watu wa kumwombea na watu wa kumwagua, ameambiwa ni laana, ameambiwa ni mkono wa mtu, na shangazi mmoja aliwahi kumtaja hadi huyo mtu. Sala sikatai, mimi mwenyewe namwombea kila usiku na dawa zake namhesabia. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia sababu ambayo anaweza kuirusha kwa mkono wake mwenyewe na kuihesabu.

Bibi siku hiyo alikuwa kwenye mkeka wake, kimya. Bibi ndiye alikuwa wa kwanza kusema mkono wa mtu, miaka ile mtoto alipovimba vidole. Akasema, lete na mimi hizo hela nirushe. Akarusha mara 9. Binti akaelewa kabla yangu, maana bibi alizaa watoto 9. Mbili kati ya zile tisa zikaja simba simba.

Bibi akaziangalia zile sarafu muda mrefu. Alizika watatu, wote kabla hawajafika miaka mitano, mmoja wao nakumbuka alivyokuwa analia akishikwa miguu. Akauliza, na wale wangu watatu, ilikuwa hii?

Nilitaka kujibu ndiyo. Nilitaka apumzike, amsamehe na yule jirani wa Ukerewe waliyeacha kusalimiana miaka arobaini. Binti akanitangulia, akamshika mkono akasema, bibi hatukuwapima, siwezi kusema ni hii na siwezi kusema siyo.

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Na mimi ng'wanawane, mwanangu, mimi naweza kupimwa?"

"Wewe ndiyo bibi. Wanachukua damu kidogo tu."

Hapo ndipo ukurasa unaishia, kaandika tarehe na "bibi, Jumatano, saa mbili asubuhi", na amechora kasarafu pembeni.