Siku moja maishani mwangu: leo nimeshinda na kidani cha bibi wa watu

Saa 11 alfajiri alamu inalia, naswali, chai ya rangi na chapati la jana, huku nje joto lishaanza fujo zake. Niko Muharraq, Bahrain, kwetu Tanga, na nafanya maabara ya vito upande wa lulu. Nyumbani wanajua nauza vidani, nishachoka kuwaelewesha.

Saa 1 asubuhi napokea mizigo. Mzee mmoja kaleta kidani cha bibi yake, lulu 61, ananikabidhi kwa mikono miwili, "binti yangu, hizi zimetoka bahari hii hii". Nazihesabu mbele yake, napima uzito kwa karati, napiga picha, anasaini. Kabla sijazifunga akachukua moja akaisugua kwenye jino, eti unasikia inavokwaruza, asili hiyo! Nikatabasamu tu. Jino linakutofautishia lulu na plastiki basi, lulu ya kufuga, yaani ile chaza kapandikiziwa kitu na watu ili aitengeneze, nayo inakwaruza vilevile maana juu ni tabaka zilezile za chaza. Tofauti iko tumboni. Nikamwambia arudi kesho, akagoma, kakaa mapokezi na tasbihi yake.

Saa 3 hadubini. Bahati nzuri za kidani zina tundu, unamulika taa unachungulia ndani, ya kufuga mara nyingi unaona mstari mweusi pale tabaka za chaza zinapokutana na gololi iliyopandikizwa. Tatu hazijanipendeza.

Saa 4 eksirei. Lulu ya asili picha yake ni kama kitunguu ulichokata katikati, duara ndani ya duara. Mbili kati ya zile tatu, gololi hiyo hapo, nzima kabisa, imevishwa koti. Na zikawaka kijani-njano gizani zilipopigwa eksirei, kwa sababu gololi huwa zinachongwa kwenye makombe ya maji baridi, sanasana ya mto Mississippi kule Marekani, yana madini ya manganizi mengi, ndo yanayowaka. Ya tatu ndo shughuli sasa, gololi haina ila katikati ina doa jeusi limepinda, na kuna za kufuga zinazopandikizwa kipande kidogo tu cha nyama ya chaza bila gololi yoyote, hizo ndo zinazotutoa jasho.

Saa 5 naiweka kwenye siti skani, eksirei inayopiga picha pande zote, inazunguka taratiiibu. Nakula wali na samaki huku nasubiri. Shuleni walitwambia punje ya mchanga ikiingia kwenye chaza inakuwa lulu, sio hivo, kikubwa ni zile seli za ngozi inayotengeneza ganda, zikisukumwa ndani ya nyama na kidonda au mdudu zinaendelea na kazi yao hukohuko. Wajapani wakalijua hilo, mwenzao Mikimoto, mfugaji wa lulu, alipata lulu ya nusu duara 1893, mpaka miaka ya 1930 biashara ya lulu za asili huku iko hoi, na uchumi wa dunia nao umeanguka, watu wa Bahrain wakaja kuokolewa na mafuta 1932. Hadi leo lulu za kufuga ni marufuku kuuzwa hapa. Ila mzee akisema "bahari hii hii" mi nawaza na waliozamia, maana wapiga mbizi wengi wa Ghuba walikuwa watumwa waliotolewa pwani kwetu, na vidani havisemi nani alishuka.

Saa 8 picha zimetoka. Mimi na mwenzangu wa Kerala, India, kila mtu anasoma peke yake anaandika, ndo tunalinganisha. Doa ni kiini tu, miduara inalizunguka vizuri mpaka nje. Asili. Kwa hiyo 59 asili, 2 za kufuga.

Saa 9 kasoro naenda kumwambia mzee, moyo unadunda. Kanyamaza. Halafu, "ni zipi?" Nikamwonyesha, zote mbili zimepakana karibu na kifungo. Akaanza kucheka mpaka miwani ikateleza, "mama yangu huyo! Kilikatika siku ya harusi yangu anacheza, akaapa kwamba zote zimeokotwa!"